Kutoka Salenda Hadi Malagarasi: Madaraja Yenye Majina ya Watu

Safari hii inafuata barabara kuu za Tanzania, na vituo vyake ni madaraja yaliyopewa majina ya watu. Kila kituo kina swali moja: je, jina lililoandikwa kwenye bango ndilo linalotamkwa na konda? Mara nyingi jibu ni hapana, na sababu zinajirudia kiasi kwamba ukiwa Dar es Salaam unaweza kukisia yatakayokukuta Mwanza.

Siku ya kwanza: Salenda, Kurasini, Tazara

Anza saa kumi na mbili asubuhi, kabla foleni ya kuingia mjini haijajaa. Daraja la Salenda linavuka mkondo wa Msimbazi kwenye Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Jina limetokana na John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma Tanganyika enzi za Waingereza. Baada ya uhuru mji huu ulifuta majina mengi ya kikoloni: Acacia Avenue ikaja kuwa Independence, kisha Samora, Kichwele ikawa Uhuru. Salenda ikabaki, na sababu ni kwamba watu walishasahau kuwa ni jina la mtu. Ni kituo cha daladala, ni kituo cha polisi, ni mahali. Tahajia yenyewe imehama: vibao na magazeti huandika Selander, Salender au Salenda, na abiria hashindwi kufika kwa yoyote kati ya hizo.

Upande wa baharini liko Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kilomita 1.03, lililofunguliwa 2022. Linatoka upande wa Coco Beach na kutua karibu na Hospitali ya Aga Khan. Wakati wa ujenzi liliitwa Salenda mpya, lakini jina la Tanzanite lilishika upesi. Lile la zamani bado lipo na linapitwa kila siku, kwa hiyo watu walihitaji neno la kuyatofautisha. Jina linalojibu haja halihitaji kampeni. (Ukitaka picha, egesha gari nje ya daraja kisha tembea. Kusimamisha gari juu yake ni kutafuta faini.)

Ukishuka upande wa mjini unaingia Barack Obama Drive, iliyokuwa Ocean Road hadi 2013. Hospitali ya saratani iliyo kando yake bado inaitwa Ocean Road, na maadamu wagonjwa wanatumwa huko kutoka nchi nzima, jina la zamani halifi. Hilo likumbukwe na kila kamati ya majina: kabla ya kubadili jina la barabara, hesabu taasisi zinazolitumia. Shule, zahanati, soko na kituo cha mafuta vitaendelea kulitangaza jina la zamani bure, mchana na usiku.

Kutoka hapo nenda Kurasini. Daraja la Nyerere lina urefu wa mita 680 na njia sita za magari, na lilifunguliwa tarehe 19 Aprili 2016. Rais Magufuli alikataa liitwe kwa jina lake, akachagua la Mwalimu. Heshima yake haina ubishi, ila kwa matumizi ya kila siku jina hilo lina kazi ngumu. Dar es Salaam tayari ilikuwa na Barabara ya Nyerere (Pugu Road ya zamani), uwanja wa ndege wa Julius Nyerere na ukumbi wa mikutano wa Julius Nyerere. Kigamboni kwenyewe kuna Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, tena kiko upande wa kivuko. Mwambie bodaboda wa Kigamboni "nipeleke Nyerere" na ana kila haki ya kukushusha chuoni. Ndiyo maana watu wanasema "Daraja la Kigamboni", na kwa kuelekezana barabarani wako sahihi. Ukivuka na chombo utalipa tozo, kwa hiyo andaa malipo kabla ya kufika kwenye vibanda. Foleni kubwa ya pale husababishwa na dereva anayeanza kupekua mifuko akiwa dirishani.

Mwisho wa siku, fuata Barabara ya Mandela hadi Tazara. Flaiova ya hapo inaitwa Daraja la Mfugale, kwa heshima ya mhandisi Patrick Mfugale, aliyekuwa mtendaji mkuu wa TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Ilifunguliwa Septemba 2018 akiwa hai. Alifariki Juni 2021. Kati ya majina yote ya safari hii, hili ndilo lenye haki iliyo wazi zaidi: mtu aliyetumia maisha yake kwenye madaraja amepewa daraja. Hata hivyo konda anaita "Tazara". Jina la Mfugale linatumika kwenye taarifa za serikali na kwa madereva wanaotaka kusema wazi kwamba wanapita juu, si chini kwenye mataa. Hiyo si kazi ndogo: trafiki akiandika ajali, "juu ya Mfugale" na "mataa ya Tazara" ni sehemu mbili tofauti.

Siku ya pili: Rufiji

Mabasi ya kusini yanapatikana Mbagala. Njia ni Barabara ya Kilwa: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha mto. Daraja la Mkapa lina urefu wa mita 970 na lilifunguliwa Agosti 2003, Benjamin Mkapa akiwa Rais. Kwa miaka mingi kabla ya hapo abiria wa Lindi na Mtwara walitegemea pantoni ya Ndundu. Mto ukijaa au pantoni ikiharibika, basi lililala ukingoni, na abiria nao.

Hapa jina limeshika kabisa. Hakuna konda anayesema "Daraja la Rufiji"; anasema Mkapa. Mambo matatu yalikutana. Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, na daraja hili ndilo lililofungua njia ya kwenda kwao. Watu wa kusini hawakuhitaji kuelezwa uhusiano. Pili, jina la zamani lililokuwa na nguvu, Ndundu, lilikuwa jina la pantoni, na pantoni ilipoondoka jina likakosa kazi. Tatu, kwenye daraja lenyewe hakuna mji wala soko la kushindana. Ikwiriri iko karibu, lakini ni kituo cha peke yake.

Ukipanga kuendelea hadi Daraja la Umoja pale Mtambaswala (mita 720, lilifunguliwa 2010 kwenye Mto Ruvuma), pitia Masasi na Mangaka. Lile halina jina la mtu kwa sababu nzuri: daraja la mpakani lenye jina la kiongozi wa upande mmoja lingekuwa mgogoro tangu siku ya kukata utepe.

Angalizo la barabara: masika uliza hali ya Somanga kabla ya kukata tiketi. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilikata barabara hii maeneo ya Somanga. Yanayochukuliwa na maji ni makalvati na madaraja madogo ambayo hayana jina la mtu yeyote, na pale ndipo safari huishia.

Siku ya tatu: Ubungo hadi Ifakara

Rudi Dar es Salaam, uondokee Ubungo. Makutano ya Morogoro, Mandela na Sam Nujoma yamejengwa kwa ngazi tatu na yalifunguliwa tarehe 24 Februari 2021. Balozi Mhandisi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, alikuwa amefariki wiki moja tu kabla, tarehe 17, na makutano yakapewa jina lake. Jina lililotolewa kwenye msiba lina uzito wa moyo, lakini Ubungo ni mojawapo ya maneno yenye nguvu kuliko yote jijini: kituo cha zamani cha mabasi ya mikoani, mitambo ya umeme, wilaya nzima. Kijazi imebaki kwenye bango na kwenye taarifa rasmi.

Linganisha na kituo kilicho mbele kidogo ukielekea mjini: Shekilango. Barabara ile ina jina la Hussein Shekilango, aliyekuwa waziri. Abiria anaposema "nashuka Shekilango" hafikirii mtu, anafikiria mahali. Jina lilifika hapo kwa sababu lilikuwa pia la kituo cha basi, likatamkwa kila dakika chache kwa miaka mingi. Kama kuna ushauri mmoja wa kumpa anayetaka jina la mzee wake lidumu, ni huo: pigania kituo, si bango.

Mabasi ya mikoani huanzia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyofunguliwa siku ileile ya Februari 2021. Kuwa makini na maneno. Stesheni ya treni ya SGR katikati ya jiji nayo ina jina la Magufuli. Ukimwambia dereva wa bajaji "Magufuli" tu, taja na stendi au treni, la sivyo utaachwa na basi ukiwa upande wa pili wa jiji.

Barabara kuu hadi Mikumi haina la ziada. Daraja la Ruvu linaitwa kwa mto wake na halijawahi kumchanganya mtu. Pale Mikumi kata kushoto kwenda Kidatu. Kidatu hadi Ifakara ni kilomita 66.9. Lala Ifakara.

Siku ya nne: Kilombero

Fika mtoni asubuhi. Daraja la Kilombero lina urefu wa mita 384, lilifunguliwa Mei 2018, na linaunganisha Ifakara na upande wa Lupiro na Mahenge. Jina lake rasmi ni Daraja la Magufuli. Umeshaona tatizo linakoelekea: siku chache mbele, Ziwa Victoria, kuna daraja jingine lenye jina hilo.

Majina mawili yanayofanana hayaleti shida kwa mtu aliyesimama darajani. Shida inampata aliye mbali. Mhasibu anasoma hati ya matengenezo, msafirishaji anapokea taarifa kuwa "Daraja la Magufuli limefungwa kwa malori", ramani ya simu inaleta majibu mawili yenye kilomita mamia kati yao. Dawa ni rahisi na haimvunjii mtu heshima: kila maandishi yawe na jina la mtu pamoja na la mahali, "Daraja la Magufuli, Kilombero". Bango liandikwe hivyo tangu mwanzo. Kuongeza neno la pili baadaye kunadai bango jipya, na bajeti ya bango jipya haipatikani kirahisi.

Jioni uwe umefika Dodoma kupitia Morogoro. Ni siku ndefu, ondoka Ifakara si baada ya saa tatu.

Siku ya tano: Dodoma, upande wa makaratasi

Hakuna daraja leo. Hapa ndipo ilipo TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na ni pahali pazuri pa kueleza jinsi njia ya mtaani inavyopata jina, kwa maana haiendi kama daraja kubwa. Daraja kubwa hupewa jina jukwaani, siku ya ufunguzi, na kiongozi wa juu. Barabara ya mtaa hupendekezwa na wakazi kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, ikapita kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022, iliyofanyika kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo, ilifanya maelfu ya vichochoro vipate majina kwa mkupuo.

Muhtasari wa mkutano ndio unaobeba au kuangusha ombi. Uandike jina kamili la anayeenziwa kwa tahajia ya familia yake, sababu kwa sentensi mbili au tatu, njia inapoanzia na inapoishia kwa alama zisizohama (si "kwenye duka la mama fulani", duka litafungwa), na orodha ya mahudhurio yenye saini. Ambatanisha barua ya ridhaa ya familia. Bila barua hiyo, mjukuu mmoja anaweza kuibuka baada ya mwaka na kusimamisha kila kitu.

Yanayokwamisha zaidi ni haya. Njia kupewa jina la mwenye kiwanja: jirani akisikia hivyo anaona mpaka wa ardhi, si heshima, na kesi inaanza. Jina lililokwisha kutumika kata ya jirani. Jina refu: "Mtaa wa Sheikh fulani bin fulani bin fulani" linalazimisha herufi ndogo ambazo dereva hazisomi, kwa hiyo chagua maneno mawili, matatu yakizidi. Na kumpa jina mtu aliye hai mwenye wapinzani. Nairobi mwaka 2021, bango la barabara lenye jina la kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Francis Atwoli liliangushwa na kuchomwa moto. Mfugale alipata jina akiwa hai bila mtu kulalamika, lakini yeye hakuwa mwanasiasa.

Jina lipatikane kabla ya namba za nyumba. Namba huhesabiwa kutoka mwanzo wa barabara, witiri upande mmoja na shufwa upande wa pili. Ukibadili jina na mwanzo wa njia baadaye, kila kibao cha mlangoni kinakuwa uongo.

Kuhusu nguzo yenyewe: bomba la chuma la inchi mbili, urefu mita 3, nusu mita ikae ardhini ndani ya zege la moja kwa mbili kwa nne. Kabla ya kumwaga zege, chomelea kipande cha nondo mtambuka chini ya bomba. Bila hicho watoto na upepo wataligeuza bango lielekeze njia isiyo yake. Herufi ziwe na kimo cha sentimita 10 angalau. Sahani ya alumini inapendeza, lakini huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Plastiki ngumu au rangi ya mafuta kwenye ukuta wa kona hudumu zaidi mahali ambapo wizi umezoeleka. Usiweke nguzo kwenye ukingo wa ndani wa kona, tairi la nyuma la lori hupita hapo.

Siku ya sita: Dodoma hadi Mwanza

Siku ya kukaa kwenye kiti. Singida, Nzega, Shinyanga, Mwanza. Ukifika na mwanga bado upo, pita daraja la waenda kwa miguu la Furahisha, upande wa Kirumba. Jina ni la viwanja vya jirani, na linafanya kazi vizuri kabisa.

Siku ya saba: Kigongo hadi Busisi

Toka mjini hadi Usagara, kata kulia kuelekea Kigongo. Daraja la J.P. Magufuli lina urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 28.45, likikatiza ghuba ya ziwa hadi Busisi, Sengerema. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019 na Magufuli mwenyewe. Alifariki Machi 2021. Rais Samia alilifungua tarehe 19 Juni 2025. Kivuko kilichokuwepo kilikula nusu saa ya kuvuka, bado hujahesabu kusubiri. Sasa ni dakika chache kwa gari.

Jina hapa lina mizizi ya aina ileile ya Rufiji: njia hii ndiyo inayokwenda Geita na Chato, alikozaliwa na alikozikwa. Ila tofauti na Ndundu, Kigongo na Busisi ni vijiji, havikuondoka na kivuko. Kwa miaka yote ya ujenzi, mikataba, habari na hotuba za bajeti zilisema "Daraja la Kigongo–Busisi", na jina la mradi likishaingia kwenye hati za fedha hung'ang'ania kuliko gundi. Kwa hiyo utasikia yote mawili. Ukiripoti ajali au gari lililoharibika, taja uko upande gani, wa Kigongo au wa Busisi. Kwenye daraja la kilomita 3 hilo ndilo linalomsaidia mwokoaji, na jina la mtu peke yake haliwezi kumpa.

Ukitaka kupiga picha, zungumza kwanza na walinzi. Lala Geita.

Siku ya nane: Geita hadi Kasulu

Bwanga, Biharamulo, Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, Kasulu. Kilomita ni nyingi na madaraja ni madogo, mengi yanaitwa kwa mito yake. Hakuna anayelalamika.

Siku ya tisa: Malagarasi

Kutoka Kasulu shuka Kidahwe, kisha Uvinza, uelekee mashariki. Daraja la Kikwete linavuka Mto Malagarasi kwenye barabara ya Kigoma na Tabora. Jumla ya urefu wake ni mita 275, lilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini pamoja na barabara unganishi, na lilifunguliwa 2015, Jakaya Kikwete akiwa bado Ikulu.

Kwa wadhifa alistahili, kwa mahali hana uzi unaomfunga hapa. Kwao ni Msoga, Pwani, upande wa pili wa nchi. Nao Malagarasi ni mto unaojulikana tangu shule ya msingi, una kijiji na stesheni ya reli ya kati yenye jina lake. Wenyeji husema "darajani" au "Malagarasi". Tatizo la kiutendaji liko hapo: ukimwambia konda "Malagarasi" anaweza kudhani unataka kijiji au stesheni. Sema "Malagarasi, daraja la Kikwete", yote mawili kwa pamoja, na utashushwa mahali sahihi. Basi la kwenda Tabora hupita na abiria tayari, kwa hiyo ukitaka kiti kata tiketi ya safari nzima kutoka Uvinza au Kigoma, usitegemee kulisimamisha ukingoni mwa mto.